Matabaka Matatu ya Diski ya Wingu: Jinsi ya Kuisimamia kwa Mstari wa Amri

Wakala wa forodha mwenye ofisi karibu na bandari ya Kilindini anapokodi seva ya wingu ili ahifadhi hati za mizigo, huonyeshwa kitu kimoja: kompyuta iliyo mbali, yenye kumbukumbu (RAM) ya kiasi fulani na diski ya gigabaiti kadhaa. Kwa kweli amekodi vitu viwili. Seva ni sehemu ya uwezo wa kompyuta kubwa iliyo kwenye kituo cha data, ilhali diski iko kwenye mashine nyingine za kituo hicho, na seva huifikia kupitia mtandao wa ndani. Seva inaweza kuzimwa, kubadilishwa, hata kufutwa, na diski ikabaki na data yake. Uhifadhi wa namna hii huitwa hifadhi ya bloku kwa sababu haujui faili wala folda. Unachojua ni vipande vyenye namba, ambavyo seva huomba kuvisoma au kuviandika. Amazon ilianza kuuza huduma hiyo mwaka 2008 kwa jina la EBS, na mradi wa programu huria wa OpenStack ukaitenga katika sehemu yake maalumu, Cinder, mwaka 2012. Google na Microsoft nazo zina huduma kama hizo, na misingi yake haitofautiani sana.

Utengano huo wa seva na diski ndio unaoipa huduma hii manufaa yake, na ndio unaowachanganya wasimamizi wengi wanaoanza kazi. Kati ya mtoa huduma na faili la mteja kuna matabaka matatu. La kwanza ni la mtoa huduma mwenyewe, anayetengeneza diski, kuiunganisha na seva, kuiongeza ukubwa na kuifuta. La pili ni kerneli, kiini cha mfumo endeshi ndani ya seva, ambayo huiona diski kama kifaa na kukipa jina. La tatu ni mfumo wa faili, ambao huzigeuza bloku tupu kuwa mahali pa kuweka majina, tarehe na maandishi. Kila tabaka lina amri zake, na hakuna tabaka linalofanya kazi ya jingine. Watu wa bandarini watalielewa jambo hili upesi: kontena kushushwa gatini hakumaanishi kwamba limetolewa ushuru, na kutolewa ushuru hakumaanishi kwamba mzigo umefika godauni. Msimamizi anayeongeza ukubwa wa diski kwa mtoa huduma kisha akashangaa kuona seva bado inalalamika kwamba nafasi imejaa, amemaliza kazi ya tabaka moja na kudhani amemaliza yote matatu.

Kurasa za udhibiti zenye vitufe na rangi huyaficha matabaka haya, nami naamini kwamba hiyo ndiyo hoja nzito zaidi ya kutumia mstari wa amri. Amri iliyoandikwa hutaja wazi ni diski ipi, seva ipi, kanda ipi na ukubwa gani; inaweza kuwekwa kwenye daftari la ofisi, kusomwa na mwenzako kabla haijatekelezwa, na kurudiwa mwezi ujao bila kutegemea kumbukumbu ya mtu. Tena, hutuma maneno machache tu, jambo lenye uzito kwa anayefanya kazi kwa bando la simu. Mifano iliyomo humu ni ya programu ya `aws`, na seva zinazozungumziwa ziko katika eneo la Cape Town, ambalo Amazon ililifungua mwaka 2020 na ambalo kwenye amri huitwa `af-south-1`. Anayetumia OpenStack ataandika `openstack volume create` na `openstack server add volume`, lakini mpangilio wa kazi ni ule ule.

Diski hutengenezwa hivi:

`aws ec2 create-volume --region af-south-1 --availability-zone af-south-1a --size 100 --volume-type gp3 --encrypted`

Kigezo kinachohitaji kufikiriwa zaidi hapa ni kanda. Eneo la Cape Town lina kanda tatu, na kila kanda ni kituo kimoja au vituo kadhaa vya data vilivyotengwa na vya kanda nyingine ili ajali ya moja isiziangushe zote. Diski huzaliwa katika kanda moja na haiwezi kuunganishwa na seva iliyo katika kanda nyingine, hata kama zote mbili ziko katika jiji moja. Ukikosea kanda, hakuna amri ya kuihamisha diski. Njia ni kuchukua snapshoti yake, yaani nakala ya hali ya diski kwa wakati fulani, ambayo huhifadhiwa katika ngazi ya eneo zima, kisha kutengeneza diski mpya kutoka kwenye snapshoti hiyo katika kanda unayoitaka. Kwa hiyo kabla ya kuandika amri hiyo, uliza kwanza seva iko wapi kwa `aws ec2 describe-instances`. Aina ya `gp3` huja na operesheni 3,000 za kusoma na kuandika kwa sekunde bila kujali ukubwa wa diski, na kwa ofisi nyingi kiasi hicho kinatosha.

Usimbaji fiche, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo, uwekwe tangu mwanzo. Diski iliyotengenezwa bila kusimbwa haiwezi kusimbwa baadaye ikiwa pale pale ilipo. Itabidi kupitia tena njia ndefu ya snapshoti na diski mpya. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na anayepeleka taarifa za wateja au wagonjwa nje ya nchi anatakiwa kuonyesha kwamba amezilinda. Amri ya `aws ec2 enable-ebs-encryption-by-default`, ikitolewa mara moja kwa kila eneo unalolitumia, huhakikisha kwamba kila diski mpya inasimbwa hata kama aliyeitengeneza amesahau kuandika kigezo hicho.

Jibu la amri ya kutengeneza diski hurudi mara moja likiwa na utambulisho wa diski unaoanza na `vol-` na hali ya `creating`. Maana yake ni kwamba ombi limepokewa na kazi inaendelea. Diski yenyewe inaweza kuwa bado haijawa tayari. Skripti, yaani faili la amri zinazotekelezwa kwa mfuatano, inayokimbilia hatua ya pili papo hapo itagonga mwamba, na ndiyo sababu kuna amri ya `aws ec2 wait volume-available`, ambayo husubiri hadi diski iwe tayari kweli.

Hapa mahali tulipo panaleta jambo ambalo miongozo mingi hailigusi. Mombasa ni lango la nyaya za chini ya bahari: SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na nyingine zikafuata. Lakini lango nalo huzibwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Msimamizi wa Mombasa anayesimamia seva za Cape Town anapaswa kujiuliza: mawasiliano yakikatika katikati ya amri, amri imefikia wapi?

Jibu linategemea tabaka. Amri za tabaka la kwanza ni maombi mafupi. Ombi likishafika, mtoa huduma hulitekeleza hadi mwisho hata kama kompyuta yako imezimika. Hatari yake ni kwamba ombi linaweza kufika na jibu lisirudi. Nawe, ukidhani halikufika, ukalituma tena, na mwisho wa mwezi ukalipia diski mbili. Kinga ni kigezo cha `--client-token`, ambacho hubeba neno ulilolichagua mwenyewe. Ombi likirudiwa kwa neno lile lile na vigezo vile vile, mtoa huduma hulitambua na kukurudishia diski ya kwanza bila kutengeneza nyingine. Kwa mtu anayefanya kazi upande huu wa bahari, kigezo hiki hakipaswi kukosekana katika skripti yoyote.

Amri za tabaka la pili na la tatu ni jambo jingine. Hizo hutekelezwa ndani ya seva kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, na mawasiliano yakikatika, programu iliyokuwa ikiendeshwa kwenye kikao hicho mara nyingi hukatishwa pamoja nacho. Kunakili gigabaiti 80 za hati kwa `rsync` na kukatishwa kwenye gigabaiti ya 60 ni hasara ya muda. Kukatishwa katikati ya ukarabati wa mfumo wa faili kunaweza kuwa hasara kubwa zaidi. Kwa hiyo fungua `tmux` ndani ya seva kabla ya kazi yoyote ndefu. Kikao cha `tmux` huishi ndani ya seva yenyewe, na mtandao ukirudi utakiingia tena kwa `tmux attach` na kukuta kazi inaendelea.

Diski ikishakuwa tayari, huunganishwa:

`aws ec2 attach-volume --region af-south-1 --volume-id vol-... --instance-id i-... --device /dev/sdf`

Jina la `/dev/sdf` ulilolitaja lisikudanganye. Kwenye seva za kisasa za Amazon, kerneli huziona diski kama vifaa vya NVMe na kuzipa majina kama `/dev/nvme1n1`, tena kwa mfuatano unaoweza kubadilika seva inapowashwa upya. Diski iliyokuwa ya kwanza leo inaweza kuwa ya pili kesho. Kilicho cha kuaminika ni namba ya utambulisho wa kifaa: andika `lsblk -o +SERIAL`, na kila diski itaonyeshwa pamoja na utambulisho wake wa `vol`, ingawa bila kistari. Hapo utajua kwa hakika ni kifaa gani kinacholingana na diski gani ya mtoa huduma. Inafaa kutulia hapa, kwa kuwa hatua inayofuata, `mkfs`, amri ya kutengeneza mfumo wa faili, ikielekezwa kwenye diski isiyo yake inaweza kufuta kumbukumbu za miaka kumi za kampuni.

Kabla ya `mkfs`, uliza diski ina nini kwa `sudo file -s /dev/nvme1n1`. Jibu likiwa `data` peke yake, hakuna mfumo wa faili unaotambulika. Likitaja XFS au ext4, ambayo ni mifumo ya faili, simama hapo hapo, maana diski hiyo ina kitu. Ikithibitika kuwa ni tupu, `sudo mkfs -t xfs /dev/nvme1n1` hutengeneza mfumo wa faili, na `sudo mount /dev/nvme1n1 /data` huipachika kwenye folda. Kupachika huko hakudumu baada ya seva kuwashwa upya, hivyo mstari mmoja huongezwa kwenye faili la `/etc/fstab`, linaloorodhesha diski za kupachikwa seva inapowaka. Uandikwe kwa UUID, utambulisho wa kipekee wa mfumo wa faili unaopatikana kwa `blkid`, wala si kwa jina la kifaa, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Na uwe na neno `nofail`. Bila neno hilo, siku diski itakapokosekana kwa sababu yoyote, seva inaweza kukwama njiani wakati wa kuwaka, na wewe uliye Mombasa hutaweza kuingia kwa SSH kuirekebisha. Jaribu mstari huo kwa `sudo mount -a` siku hiyo hiyo uliyouandika.

Miezi inapita, hati zinaongezeka, na `df -h`, amri ya kuangalia nafasi iliyotumika, inaonyesha asilimia 91. Kuongeza ukubwa ndiko kunakodhihirisha matabaka matatu kuliko kazi nyingine yoyote. Kwanza `aws ec2 modify-volume --volume-id vol-... --size 200`, na diski haihitaji kuondolewa wala seva kuzimwa. Fuatilia kwa `describe-volumes-modifications`. Hali ikifika `optimizing`, ukubwa mpya umeanza kupatikana hata kama kazi ya ndani haijakamilika. Sasa `lsblk` itaonyesha gigabaiti 200, lakini `df -h` itaendelea kuonyesha 100, na zote mbili zinasema kweli, kila moja kuhusu tabaka lake. Kama diski ina patisheni, yaani imegawanywa sehemu, ipanue kwa `sudo growpart /dev/nvme1n1 1`, ukizingatia nafasi iliyopo kabla ya namba ya mwisho. Kama mfumo wa faili uliwekwa moja kwa moja kwenye diski, hatua hiyo haipo. Mwisho ni mfumo wa faili wenyewe: `sudo xfs_growfs /data` kwa XFS, au `sudo resize2fs` ikifuatwa na jina la kifaa kwa ext4. Hapo ndipo `df -h` itakapobadilika.

Kupunguza ni habari nyingine, kwa kuwa EBS hairuhusu diski kupunguzwa. Anayetaka ndogo hutengeneza mpya, hunakili data, hubadilisha mstari wa `fstab` na kuiacha ya zamani. Kwa hiyo ni busara kuanza na diski ndogo na kuiongeza kadiri haja inavyotokea, maana bei hupigwa kwa ukubwa ulioagiza, si kwa ukubwa uliojaza.

Snapshoti ndiyo sehemu yenye kina kuliko zote, na ndiyo inayoaminiwa bila kueleweka. `aws ec2 create-snapshot --volume-id vol-...` huhifadhi hali ya diski ilivyokuwa wakati amri ilipopokewa. Snapshoti ya kwanza hunakili bloku zote zilizoandikwa. Zinazofuata hunakili zilizobadilika tu. Wengi huogopa kufuta snapshoti ya zamani wakidhani wataziharibu za baadaye, lakini mtoa huduma huondoa tu bloku ambazo hakuna snapshoti nyingine inayozihitaji, na kila iliyobaki huendelea kuwa kamili.

Lisiloonekana ni kwamba snapshoti hufanyika katika tabaka la kwanza, na tabaka la kwanza halijui kilichomo kwenye kumbukumbu ya seva. Linux, mfumo endeshi wa seva hizi, huyashikilia maandishi kwa muda kwenye kumbukumbu kabla ya kuyapeleka diskini, na chochote ambacho hakijafika diskini hakimo kwenye snapshoti. Matokeo yake ni nakala inayofanana na diski ya mashine iliyokatiwa umeme ghafla. Mifumo ya faili ya leo na hifadhidata nzuri hustahimili hali hiyo, lakini kustahimili si sawa na kuwa kamili. Kwa diski ya data, `sudo fsfreeze -f /data` husukuma yaliyomo kwenye kumbukumbu hadi diskini na kusimamisha uandishi. Amri ya snapshoti ikishajibu, `sudo fsfreeze -u /data` huachilia, bila kungoja snapshoti ikamilike. Usiigandishe diski yenye mfumo endeshi. Hifadhidata iliyotawanywa kwenye diski mbili, data kwenye moja na kumbukumbu za miamala kwenye nyingine, inahitaji uangalifu zaidi: snapshoti mbili zilizopishana hata kwa sekunde chache zinaweza zisipatane. Amri ya `create-snapshots`, yenye herufi s mwishoni, huchukua diski zote za seva kwa wakati mmoja.

Saa nazo huleta mkanganyiko. Seva nyingi za wingu hufuata saa za dunia (UTC), na orodha ya snapshoti huandikwa kwa saa hizo. Snapshoti ya saa nane usiku hapa Mombasa huandikwa 23:00 ya tarehe iliyotangulia. Mhasibu anayeomba hali ya vitabu ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai lazima atafutiwe snapshoti yenye tarehe 30 Juni, na anayeweka ratiba kwenye `cron` lazima aondoe saa tatu.

Siku ya kurejesha, diski iliyotengenezwa kutoka kwenye snapshoti huonekana tayari baada ya muda mfupi, lakini bloku zake huletwa zinapoombwa kwa mara ya kwanza, hivyo usomaji wa mwanzo huwa mzito. Usiyahukumu matokeo kwa dakika zile za kwanza. Pia, ukiiunganisha diski hiyo na seva ile ile yenye diski ya asili ili utoe faili moja lililopotea, XFS itakataa kuipachika, kwa sababu nakala imerithi UUID ya asili na kerneli haikubali mbili zinazofanana. Ipachike kwa `sudo mount -o ro,nouuid`, chukua faili, kisha iondoe. Ukitaka kubaki nayo, ipe UUID mpya kwa `xfs_admin -U generate` ikiwa haijapachikwa.

Kuondoa hufuata matabaka kinyumenyume: `umount` kwanza, kufuta mstari wa `fstab`, ndipo `aws ec2 detach-volume`. Kigezo cha `--force` ni cha seva iliyokwama kabisa. Kinaweza kuacha mfumo wa faili umeharibika. Diski iliyoondolewa hurudi kwenye hali ya `available` na huendelea kutozwa kwa dola, kama inavyoendelea kutozwa ile iliyo kwenye seva iliyozimwa. Kwa kawaida diski ya mfumo endeshi hufutwa pamoja na seva, ilhali zile zilizounganishwa baadaye hubaki, na hizo ndizo zinazosahauliwa. Zitafute kila mwezi, katika kila eneo mnalolitumia:

`aws ec2 describe-volumes --region af-south-1 --filters Name=status,Values=available`

Kabla ya kuifuta yoyote, chukua snapshoti yake ya mwisho, tengeneza diski kutoka kwenye snapshoti hiyo, ipachike na uzifungue faili mbili tatu kwa macho yako. `delete-volume` haiulizi mara ya pili. Amazon ina utaratibu wa kuhifadhi kwa muda vilivyofutwa, lakini sheria yake lazima iwe imewekwa kabla ya kufuta. Ikiwekwa baada ya hapo haimrudishii mtu kitu.